Jacques Plante, mlinda mlango aliyekataa kurudi uwanjani bila kinyago

Hadi mwaka 1959, walinda mlango wa hoki ya barafu katika ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini, NHL, walifanya kazi yao uso mtupu. Miguu ilifungwa mito minene ya ngozi, kifua kilikingwa, mikono ilivaa glavu nzito, lakini kuanzia paji la uso hadi kidevu hakukuwa na kitu. Aliyebadilisha jambo hilo ni Jacques Plante, Mkanada wa jimbo la Québec aliyefariki mwaka 1986. Alilibadilisha kwa kumkatalia kocha wake, usiku mmoja ambapo kocha huyo hakuwa na kipa mwingine wa maana wa kumweka golini.

Kwa msomaji wa Bukavu au Goma ambaye barafu anaijua tu ndani ya friji, inafaa kueleza kidogo mchezo wenyewe. Kila ekipe inaweka watu 6 uwanjani, kila mmoja amevaa viatu vyenye chuma chembamba cha kutelezea na ameshika gongo refu. Hawachezi na mpira wa duara. Wanapigania kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye upana wa sentimita 7 na nusu, unene wa sentimita 2 na nusu, na uzito wa gramu kati ya 156 na 170. Kabla ya mechi kisahani hicho hugandishwa ili kisidunde ovyo, kwa hiyo kinakuwa kigumu kama jiwe. Mchezaji hodari akikipiga, kinapita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kazi ya mlinda mlango ni kusimama mbele yake.

Plante alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1929, karibu na kijiji cha Mont-Carmel, akiwa wa kwanza kati ya watoto 11. Familia ilihamia Shawinigan Falls, mji wa viwanda, ambako baba alipata kazi ya kiwandani. Pesa ilikuwa ya chakula. Jacques alianza kucheza bila viatu vya barafu, kwa mpira wa tenisi, na gongo lake la kwanza baba yake alilichonga kutoka kwenye mzizi wa mti. Mito ya kukinga miguu nayo ilitengenezwa nyumbani: baba alichukua magunia ya viazi, akayajaza, akayakaza kwa vipande vya mbao. Gongo halisi la golikipa, lenye vipimo vinavyokubalika, mtoto alilipata kama zawadi ya Noeli mwaka 1936.

Mambo mawili ya utotoni yaliamua maisha yake. Akiwa na umri wa miaka 5 alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono, na mfupa haukuunga vizuri. Ilibidi angoje hadi ukubwani ndipo daktari aurekebishe kwa upasuaji, na miaka yote hiyo alidaka kwa shida. La pili ni ugonjwa wa pumu. Alikuwa anateleza vizuri kuliko wengi, lakini pumzi ilimwishia haraka, kwa hiyo akasogea golini ambako mtu hakimbii muda wote. Baridi ya Québec ni kali, na watoto walicheza nje. Mama yake akamfundisha kufuma kofia za sufu kwa mkono wake mwenyewe. Ufumaji huo hakuuacha hadi uzeeni, hata wachezaji wenzake walipomcheka.

Akiwa bado kijana, alichezea ekipe ya kiwanda. Baba yake alimshauri aombe mshahara, kocha akakubali kumlipa senti 50 kwa kila mechi, kwa sharti asiwaambie wenzake. Ni pesa ndogo, lakini inaonyesha kwamba mapema sana Plante alijua thamani ya mtu anayesimama golini.

Alipofika Canadiens de Montréal, ekipe kubwa ya jimbo lake, aligongana mara moja na wakubwa. Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1952 kocha Dick Irvin alimwita kuziba nafasi ya kipa aliyeumia. Plante alitaka kucheza na kofia yake ya sufu kama kawaida yake, Irvin akakataa. Kabla ya mechi kofia zake zikapotea kwenye chumba cha kuvalia, na Plante akaingia uwanjani kichwa wazi. Katika ugomvi huo wa kwanza kuhusu mavazi alishindwa, na alinyamaza akacheza.

Hata hivyo, golini alikuwa hodari kweli. Wakati ule kipa alitakiwa kukaa mahali pake na kungoja. Plante alitoka nje, akaenda nyuma ya goli kusimamisha kisahani, akakipeleka kwa wenzake kama beki. Viatu vya golikipa vina chuma kilichonyooka zaidi kuliko cha wachezaji wengine, ili asimame imara, na kwa hiyo si rahisi kukimbia navyo. Yeye alikimbia navyo. Makocha walishika vichwa, lakini matokeo yalimtetea: Canadiens walibeba kombe la Stanley mara 5 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960, na kila mwaka kati ya hiyo 5 Plante alipata tuzo ya Vezina, iliyokuwa ikienda kwa kipa wa ekipe iliyofungwa mabao machache zaidi.

Mwili wake ndio ulilipa. Katika miaka hiyo alivunjika pua mara 4, mifupa ya mashavu yote mawili na taya, na nyuzi alizoshonwa kichwani zilikaribia 200. Baada ya upasuaji wa sinasi alianza kuvaa kinyago mazoezini. Kocha wake mpya, Toe Blake, aliruhusu hapo tu. Siku ya mechi, hapana. Blake alisema kinyago kitamzuia kipa kuona kisahani kikiwa karibu na miguu. Kulikuwa pia na sababu ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa, nayo ilikuwa na nguvu zaidi: kipa anayejifunika uso ataonekana mwoga, na kipa mwoga anafungwa.

Kwa kweli Plante hakuwa wa kwanza kufikiria kinyago. Mwaka 1930 Clint Benedict, kipa wa Maroons, ekipe nyingine ya Montréal, alivaa cha ngozi baada ya kuvunjwa pua, lakini kilimzuia kuona na baada ya mechi chache akakitupa. Tatizo lilikuwa vipimo. Kinyago kisichokaa sawasawa juu ya uso kinahama mtu anapogeuka, tundu la jicho linakwenda pembeni, na kwa nusu sekunde kipa anakuwa kipofu. Katika mchezo huu nusu sekunde ni bao.

Suluhisho lilitoka kwa mtu wa kiwanda. Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni ya Fibreglas Canada, alimwona Plante akipigwa kwenye paji la uso katika mechi ya mwaka 1958. Kampuni yake ilikuwa inatengeneza vitu kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani, kitu chepesi lakini kigumu sana. Burchmore akamwandikia kwamba anaweza kumtengenezea kinyago kitakachokaa usoni kama ngozi ya pili. Plante hakufurahia wazo hilo mara moja, alikuwa ameshajaribu vinyago vingine, lakini mwishowe alikubali kwenda hospitali ya Montreal General. Huko walimvisha soksi ya nailoni kichwani, wakampaka mafuta ya vazelini, wakamwekea mirija puani apate kupumua, kisha wakamfunika uso wote kwa plasta. Ilipokauka, walipata sura yake kamili. Juu ya sura hiyo Burchmore alibandika tabaka za nyuzi za kioo hadi kikatoka kinyago cheupe kidogo, rangi ya ngozi ya Mzungu, chenye matundu ya macho na mdomo na uzito wa gramu karibu 400.

Kilikuwa kinatisha kukitazama, kama uso wa mtu aliyekufa. Lakini kilikaa. Blake alibaki na msimamo wake.

Ndipo ikafika tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1959, miaka 7 kamili tangu mechi ile ya kofia, dhidi ya Rangers katika uwanja wa Madison Square Garden mjini New York. Dakika ya 3 hivi, Andy Bathgate alipiga shuti kutoka karibu na kisahani kikampiga Plante puani. Miaka mingi baadaye Bathgate alikiri kwamba alilenga uso, kwa kulipiza, maana muda mfupi kabla Plante alikuwa amemwangusha. Plante alitolewa akivuja damu na kushonwa nyuzi 7.

Siku hizo ekipe ilisafiri na kipa mmoja tu. Kama akiumia, wenyeji walitoa mtu wa akiba, kwa kawaida mtu wa ridhaa ambaye kazi yake ni kusaidia mazoezini. Blake alifahamu hilo. Plante vilevile. Akiwa na nyuzi mbichi usoni, alimwambia kocha kwamba atarudi na kinyago au hatarudi kabisa. Watu waliojaa uwanjani walingoja kama dakika 20. Kocha aliyekuwa na makombe manne mfululizo angeweza kumfukuza kipa wake siku nyingine yoyote, au kumpa adhabu. Usiku ule hakuwa na njia. Alikubali, kwa sharti kwamba jeraha likipona kinyago kinatoka.

Canadiens walishinda 3-1. Walicheza tena, wakashinda tena, na mfululizo wao wa mechi bila kushindwa ukafika 18. Jeraha lilipona, lakini Plante hakukitoa, na ilikuwa vigumu kwa Blake kumlazimisha mtu asiyefungwa. Tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 1960, Blake alimwomba ajaribu mechi moja bila kinyago dhidi ya Detroit. Plante alikubali. Walifungwa 3-0. Mechi iliyofuata kinyago kilirudi, na mjadala ukaisha. Mwezi uliofuata walibeba kombe bila kupoteza hata mechi moja ya mchujo.

Kinyago chenyewe kiliendelea kubadilika. Kile cha kwanza kilikuwa na joto na jasho lilikwama ndani. Kilichofuata Burchmore alikifuma kwa vifungu vya nyuzi za kioo, kikiwa na nafasi wazi za hewa, na uzito ukashuka hadi gramu karibu 290. Makipa wengine walianza kufuata mmoja mmoja, ingawa si wote. Mwaka 1963 Montréal ilimtuma Plante kwa Rangers na katika biashara hiyo ikampata Gump Worsley, kipa aliyevidharau vinyago waziwazi. Worsley alikuja kuvaa chake katika mechi zake za mwisho, mwaka 1974. Mwaka huohuo Andy Brown alikuwa wa mwisho kulinda mlango NHL uso mtupu.

Wenzake wa ekipe hawakumpenda Plante sana. Alibana pesa, alipenda kujisifu, alijitenga. Lakini alikuwa na jicho la fundi. Wakati fulani alilalamika kwamba magoli ya Boston, Chicago na New York si sawa na ya Montréal, kwa sababu akisimama mwamba wa juu unamgusa mgongoni mahali tofauti. Watu walicheka. Walipopima, mwamba katika viwanja hivyo ulikuwa chini kwa karibu sentimita 5.

Aliacha mchezo mwaka 1965, akarudi mwaka 1968 na ekipe ya St. Louis, akiwa karibu na miaka 40, na msimu huo akashiriki tuzo yake ya 7 ya Vezina pamoja na Glenn Hall. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 1970, katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Boston, shuti la Fred Stanfield liliguswa njiani likabadili mwelekeo, likampiga juu ya jicho. Kinyago kilipasuka na Plante akazimia. Alipozinduka hospitalini alisema wazi kwamba bila kinyago angekufa. Mwaka huohuo alianzisha kiwanda chake cha vinyago, Fibrosport, mjini Magog, Québec. Msimu uliofuata, akiwa Toronto na umri wa miaka 42, alifungwa chini ya mabao 2 kwa mechi kwa wastani.

Baada ya kuchezea Boston na kisha Edmonton, alimaliza kabisa mwaka 1975 akahamia Uswisi. Kutoka huko alikuja mara kwa mara Amerika kufundisha makipa vijana. Aliingizwa katika jumba la heshima la hoki mwaka 1978. Jezi yake namba 1 Canadiens waliiondoa rasmi mwaka 1995, wakati yeye hayuko tena. Saratani ya tumbo ilimuua tarehe 27 mwezi wa 2 mwaka 1986 mjini Geneva, akiwa na miaka 57. Alizikwa Sierre. Siku hizo ekipe ya watoto kutoka Québec ilikuwa imekuja Uswisi kucheza mashindano. Jeneza lilipotoka kanisani, watoto hao walijipanga pande mbili wakainua magongo yao juu, na likapita katikati.