Helmholtz, Daktari Aliyetupa Boksi la Besi

Wengi humu wameandika habari za mashujaa na viongozi. Mimi nimemchagua Mjerumani mmoja aliyekufa kabla gari lolote halijakanyaga mchanga wa Garissa, na bado naona kila Probox inayotikisa vioo pale Soko Mugdi ina deni lake.

Hermann von Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam. Babake alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wa mwalimu sote twaujua (walimu mtanisamehe). Kijana alitaka fizikia, lakini pesa hazikuwepo. Kulikuwa na chuo cha udaktari cha jeshi mjini Berlin kilichosomesha bure, ila ukimaliza ulilipa kwa kutumikia jeshi miaka minane. Basi mwaka 1838 akaenda kusomea asichokitaka. Hapo ndipo nilipompenda. Ni wangapi kati yetu, tukingoja basari, tutajaza kozi inayolipiwa wala si ile ya moyoni?

Udaktari haukumpoteza. Mwaka 1847, akiwa bado daktari wa askari, aliandika juu ya kanuni kwamba nishati haipotei, ile tunayokariri darasani. Mwaka 1851 akabuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho. Vyuo alivyofundisha, Königsberg, Bonn na Heidelberg, navipita mbio, maana nataka tufike kwenye sikio.

Alijiuliza sikio linatenganishaje sauti nyingi zinazoingia pamoja. Akatumia matufe matupu ya kioo na ya shaba, kila moja na mdomo upande mmoja na kimrija upande wa pili. Unaziba sikio moja, unatia kimrija katika jingine kwa nta. Kelele zote zinafifia, inavuma sauti moja tu, ile ya tufe hilo. Mwaka 1863 akayaeleza haya katika kitabu kikubwa.

Siri yake? Chukua chupa tupu ya soda, puliza mdomoni. Hewa ya shingoni ni kama uzito, hewa ya tumboni ni kama springi, na uzito unarukaruka juu ya springi. Tumbo likiwa kubwa sauti inashuka, shingo ikiwa ndefu inashuka pia, shingo ikiwa pana inapanda. Mimina maji kidogo ndani, tumbo lipungue, usikie inavyopanda.

Sasa njooni kwa abti yangu, fundi wa redio. Boksi analotengenezea magari lina vyumba viwili, spika imefungwa kwenye ubao wa katikati. Chumba cha nyuma hakina tundu hata la sindano. Cha mbele kina bomba, na sauti inatokea hapo tu. Ni tufe la Helmholtz, ila la mbao! Besi ndiyo inayopita, tuseme mitetemo 40 hadi 80 kwa sekunde. Nyingine zinabaki ndani. Abti hakusoma fizikia, yeye hukata bomba kidogo kidogo mpaka liimbe. Nilimpigia hesabu, hata ya joto letu: sauti hukimbia zaidi katika hewa ya digrii 35 kuliko ya 20, kwa hiyo boksi la mitetemo 40 huku kwetu huimba karibu 41. Alicheka sana.

Kisha akaniuliza la maana: mbona spika za boksi hili huungua bila kulalamika? Jibu liko kwenye tufe lile lile. Spika ikiteseka hutoa mkwaruzo, na mkwaruzo ni sauti ya juu, boksi linauzuia humo humo. Dereva anasikia besi tamu, anaongeza, kumbe koili inaiva. Ikiungua analaumiwa fundi, na pengine halipwi. Siku hizi abti humweleza mteja haya kabla ya kupiga msumari wa kwanza.

Mwaka 1871 Helmholtz alirudi Berlin akiwa profesa wa fizikia, ile aliyoikosa kwa umaskini miaka 33 nyuma. Mwanafunzi wake mmoja huko alikuwa Heinrich Hertz, ambaye jina lake limefupishwa Hz nyuma ya spika zote. Hertz alifariki tarehe 1 Januari 1894, ana miaka 36 tu. Mwalimu wake akamfuata tarehe 8 Septemba mwaka huo huo, lakini aliwahi kuandika dibaji ya kitabu cha mwisho cha mwanafunzi wake.