Okot p'Bitek: Mwalimu wa Nje ya Chuo

Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Kakamega hupita Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali kabla ya kufika Sigalagala. Hapo huwa amekwisha kuingia katika nchi ya Waidakho na Waisukha, ambako ngoma ya isukuti ingali inarindima kwenye mazishi, harusi na viwanja vya kupiganisha fahali. Sigalagala yenyewe inafahamika zaidi kwa taasisi yake ya mafunzo ya ufundi, na mwendo mfupi kutoka hapo, katika mji wa Kakamega, kipo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ngoma na madarasa, basi, ni majirani. Makala haya yanamwangalia mtu aliyejiuliza maisha yake yote ni kwa nini majirani hawa wawili hawatembeleani. Mtu huyo hakuwa Mluhya wala hakuandika kwa Kiswahili. Lakini alifanya kazi Kisumu, mwanzo wa barabara hiyo hiyo, katika miaka ambayo somo letu la fasihi simulizi lilikuwa likigombewa nchini Kenya.

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka wa 1931 huko Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Babake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kiprotestanti. Mamake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mcheza ngoma aliyesifika. Yeyote atakaye kumwelewa Okot na aanzie hapo: nyumba moja yenye walimu wawili, mmoja ana ubao na chaki, wa pili hana cheti chochote. Wanaosimulia habari za wasomi wa kizazi kile aghalabu humshukuru baba aliyempeleka mwana shuleni. Kwa maoni yangu, kazi yote ya Okot ilikuwa ni kudai kwamba yule mwalimu wa pili naye aingizwe katika orodha ya walimu.

Alisoma Gulu, kisha King's College, Budo, na baadaye chuo cha ualimu cha Mbarara. Akarejea kwao kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya ya Kiacholi iitwayo Lak Tar, inayosimulia masaibu ya kijana anayekwenda Kampala kutafuta fedha za mahari. Fauka ya hayo alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, na ni mpira uliompeleka Ulaya: mwaka wa 1956 alizuru Uingereza pamoja na timu ya taifa ya Uganda, na wenzake waliporudi yeye akabaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol na sheria Aberystwyth, Wales. Mwaka wa 1960 akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kusomea anthropolojia ya jamii.

Mhadhara wa kwanza kabisa ulimtia kichefuchefu. Okot ameeleza katika dibaji ya kitabu chake cha baadaye jinsi mhadhiri alivyokuwa akiwataja Waafrika kwa maneno yaliyomaanisha washenzi, watu wa mwituni, watu wasiostaarabika. Alilalamika, asisikilizwe. Tukumbuke kwamba hakuwa mwanafunzi mbichi. Alikuwa mwalimu, mwandishi aliyekwisha kuchapisha kitabu, na mwana wa mtunzi wa nyimbo. Na sasa alikuwa akifundishwa habari za mama yake na watu ambao hawakuwahi kukaa miguuni pake. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki, akajifunza mbinu za taaluma hiyo, na mwaka wa 1963 akatunukiwa shahada ya B.Litt. kwa tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Ubishi wake wote uliofuata ulitoka ndani ya taaluma yenyewe. Hilo ndilo lililoufanya uwe mgumu kupuuzwa.

Kiini cha ubishi huo kinaonekana vizuri katika kisa kimoja alichokihadithia katika kitabu hicho, African Religions in Western Scholarship, kilichotoka mwaka wa 1970. Mwaka wa 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Katika lugha ya wazee hao dhana ya kuumba kitu kutokana na pasipo kitu haikuwepo, kwa hiyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, kwani mtu hazaliwi na mfinyanzi, huzaliwa na mamake. Wakajibu kuwa hawajui. Mapadri hawakutosheka, wakashikilia kwamba lazima jibu lipatikane. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aweza kuzaliwa mzima, kisha akapatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ukampinda, na kwa namna hiyo akawa kama aliyefinyangwa upya. Anayefanya hivyo, akasema, ni Rubanga. Rubanga alikuwa pepo mbaya aliyeaminiwa kuwatia watu kibyongo. Mapadri wakafurahi, wakaliandika jina hilo, na kuanzia hapo Waacholi wakahubiriwa kwamba Mungu mwema ni Rubanga.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kukipita kisa hiki mbio mbio. Sisi husema Muumba bila kusita, hali kitenzi chetu cha kuumba nacho kina maana ya kufinyanga na kulipa umbo jambo lililokuwapo. Tunapoandika tafsiri, au tunapomhoji mzee kwa maswali tuliyoyatayarisha chuoni, ni mara ngapi tunaondoka na Rubanga mkononi? Okot hakuwalaumu mapadri peke yao. Aliwageukia wasomi wa Kiafrika, John Mbiti akiwa miongoni mwao, akiwatuhumu kwamba wameivisha miungu ya Kiafrika joho la Kiyunani ili ipate heshima mbele ya Wazungu. Tuhuma hiyo ilikuwa kali, na pengine haikumtendea Mbiti haki, maana kitabu chake cha mwaka wa 1969 kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoupa uwanja huo nafasi katika vyuo vikuu. Lakini swali la msingi lilisimama: je, kuingiza mambo ya Kiafrika katika mtaala kunatosha, ikiwa maswali yanayoulizwa ni yale yale ya kigeni?

Aliporudi Uganda alipewa kazi katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Makerere, kituo chake kikiwa Gulu. Kazi ya mkufunzi wa idara hiyo ilikuwa kukipeleka chuo kwa watu wazima wasioweza kukifuata. Okot akaigeuza. Pamoja na wenzake alianzisha tamasha la sanaa ambapo wenyeji ndio waliokuwa jukwaani, na wasomi wakawa watazamaji. Mwaka wa 1966 akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda pamoja na Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala, jumba ambalo hadi wakati huo lilitawaliwa na michezo ya Kiingereza. Alizileta ngoma za mikoani. Mwaka huo huo East African Publishing House ikachapisha Song of Lawino, utenzi aliokuwa ameutunga kwanza kwa Kiacholi, ambamo mke asiyesoma anamshtaki mumewe msomi aliyeikana mila yake. Haukupita muda mrefu serikali ikachukizwa naye, akaondolewa kazini, akavuka mpaka kuingia Kenya.

Hivi ndivyo alivyofika Kisumu, akiajiriwa tena kama mkufunzi wa masomo ya nje, safari hii chini ya chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe zinastahili kutazamwa kwa makini. Tarehe 24 Oktoba 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o waliwasilisha waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na mahali pake iwepo idara itakayoiweka Afrika katikati na fasihi simulizi katika msingi wake. Waraka huo umesomwa duniani kote, na ni haki yake. Mnamo Desemba mwaka huo huo Okot aliandaa tamasha la sanaa la Kisumu. Tamasha halisomwi, hutazamwa likaisha, kwa hiyo halitajwi sana. Ila mimi naona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa nusu mbili za hoja moja. Waraka ulijibu swali la kinachopaswa kufundishwa. Tamasha lilijibu swali la anayestahili kufundisha.

Nusu ya kwanza imeshinda. Leo hakuna idara ya Kiswahili katika Afrika Mashariki isiyokuwa na kozi ya fasihi simulizi. Nusu ya pili bado. Chukua mfano wa isukuti. Ngoma hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji kiongozi hutangulia, na kundi humwitikia. Hupigwa mtoto anapozaliwa, katika jando, katika arusi, katika mazishi, na kila tukio lina mwendo wake. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wanaoirithi walikuwa wakipungua. Katika kozi ya kawaida ya fasihi simulizi, mambo yote hayo huweza kufupishwa kuwa mstari mmoja chini ya kichwa cha ngoma: sifa, dhima, mifano. Mwanafunzi huukariri mstari huo na kuujibia mtihani bila kuwahi kuishika ngoma. Akitumwa nyanjani, mpigaji ngoma aliyemfunza kwa siku tatu huingia katika tasnifu kama mhojiwa nambari fulani, naye mwanafunzi hutoka na shahada. Okot angemwita mzee huyo mhadhiri, na angeuliza analipwa kiasi gani.

Wako watakaojibu kwamba chuo hakiwezi kumwajiri mtu asiye na vyeti, na kwamba ngoma iliyoondolewa mazishini na kuletwa darasani imekwisha kuwa kitu kingine. Pingamizi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Tamasha lenyewe ni jukwaa, na jukwaa nalo hukata; ngoma ya msiba haiwi ya msiba pasipo maiti. Sidhani kwamba Okot aliwahi kulitatua jambo hilo. Kuna na pingamizi ya tatu, iliyotolewa zaidi na wahakiki wa kike, kwamba sauti ya Lawino ni sauti ya mwanamke iliyotungwa na mwanamume, na kwamba mila anayoitetea haikuwalea wanawake wote kwa upole. Anayetaka kuleta maarifa ya wenyeji chuoni hana budi kuuliza pia ni mwenyeji yupi anayesema, na ni nani aliyenyamazishwa nyumbani kwake.

Mwaka wa 1971 Okot alihamia Nairobi, akawa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika na mhadhiri wa sosholojia na fasihi. Huko nyuma Oxford walikuwa wameikataa tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya Waluo wa Kati. Akaichapisha kama kitabu Nairobi mwaka huo wa 1971, na kikasomwa. Hakuwahi kuitwa daktari kwa kazi hiyo. Miaka ya Nairobi ilikuwa ya mavuno: Song of Ocol ilikuwa imetoka mwaka wa 1970, Two Songs ikafuata 1971 na kupata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, kisha Africa's Cultural Revolution mwaka wa 1973, na The Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri zake, mwaka wa 1974. Mwaka wa 1975 Paul Sozigwa akatuletea Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Ni jambo la kusikitisha kwamba tafsiri hiyo haizungumzwi sana miongoni mwetu, ilhali ndiyo mahali ambapo Lawino anaongea kwa lugha isiyokuwa ya mumewe wala ya mabwana zake.

Idi Amin alipokuwa madarakani Okot hakuweza kurudi kwao. Alifundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, na baada ya Amin kupinduliwa mwaka wa 1979 akarejea Makerere. Mwaka wa 1982 aliteuliwa kuwa profesa wa uandishi wa kubuni. Baada ya miaka mingi ya kutumwa nje ya chuo, kufukuzwa na kukataliwa, alikuwa amepewa kiti ndani ya chuo, tena cha kufundisha utungaji wenyewe, kazi aliyoifanya mamake bila kiti. Alikikalia kwa miezi michache tu. Alifariki tarehe 20 Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51. Mkusanyiko wake wa methali za Kiacholi ulitoka mwaka wa 1985, na insha zake za mwisho, Artist, the Ruler, mwaka wa 1986. Mwaka wa 2001 Taban lo Liyong, mmoja wa wale watatu wa waraka wa 1968, alichapisha tafsiri mpya ya Lawino kutoka Kiacholi, kwa sababu aliona kwamba hata Okot mwenyewe, alipojitafsiri kwa Kiingereza, kuna mengi aliyoyaacha nyuma.