Henry Darcy: Mhandisi aliyefichua mwendo wa maji ya ardhini

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa chini ya saa moja na nusu kwa gari kutoka Lilongwe, madumu hupangwa foleni mbele ya pampu za mkono. Kwenye foleni utasikia Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, na mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje nao warudi.

Watu wakisongamana, visima na vyoo vya shimo huchimbwa katika udongo uleule. Je, uchafu wa chooni unaweza kufika kisimani, na kwa muda gani? Msingi wa jibu uliwekwa na Mfaransa aliyefariki mwaka 1858.

Henry Darcy alizaliwa Dijon, Juni 10, 1803. Baba yake alifariki Henry akiwa na miaka 14. Mama yake, ambaye hakuwa na mali nyingi, alihangaika hadi watoto wakapata elimu. Kijana huyo aliingia chuo cha École Polytechnique mjini Paris mwaka 1821, kisha akasomea uhandisi wa madaraja na barabara.

Alirudi Dijon akakuta mji wenye kiu. Visima vilikuwa vifupi na vichafu, na mto Suzon uliopita mjini ulikuwa kama mtaro wa majitaka. Darcy alipendekeza maji yaletwe kutoka chemchemi ya Rosoir. Ujenzi ulianza mwaka 1839, na Septemba 1840 maji yalifika mjini kwa mfereji uliofunikwa wa zaidi ya kilomita 12, yakitelemka yenyewe bila mashine, kisha yakasambazwa kwa mabomba hadi kwenye vioski vya mitaani. Darcy alikataa malipo aliyostahili, akapokea medali. Aliamini kwamba mji unaowajali maskini wake hauwapimii maji kwa kibaba.

Hata hivyo, siasa haikumwacha. Baada ya mapinduzi ya 1848, watawala wapya waliogopa ushawishi wake wakamhamisha kutoka Dijon. Baadaye alisimamia maji na barabara za Paris, lakini afya yake ikadhoofika. Aliomba apunguziwe kazi ili afanye utafiti.

Mwishoni mwa mwaka 1855, katika hospitali moja ya Dijon, alijaza mchanga ndani ya bomba la chuma lililosimama wima, akapitisha maji na kupima. Aligundua kwamba maji hupita kwa wingi zaidi pale tofauti ya kina chake kati ya juu na chini inapokuwa kubwa, na hupungua kadiri mchanga unavyokuwa mrefu. Aina ya mchanga nayo huamua: ulio laini hubana, ulio mkubwa huachia. Kanuni hiyo aliichapisha mwaka 1856 katika kiambatisho cha kitabu chake kuhusu maji ya Dijon. Alifariki Januari 3, 1858, na Dijon ikaupa uwanja wenye tangi la maji jina lake.

Kanuni hiyo ndiyo moyo wa MODFLOW, programu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1984 na idara ya jiolojia ya Marekani. Programu huigawa ardhi katika vyumba vidogo, kisha hukokotoa maji yanayotoka chumba kimoja kwenda kingine. Mwaka 1990 ilikuja MT3D, inayofuatilia uchafu unaosafiri ndani ya maji hayo. MODFLOW hupatikana bure.

Kinachogharimu ni vipimo. Kompyuta haiujui udongo wa Dowa mpaka iambiwe kina cha maji, aina ya mwamba, mahali pa kila choo na kiasi kinachopampwa. Tena, bonde la Lilongwe si bomba la mchanga: maji hukaa kwenye miamba iliyooza na katika nyufa, ambako uchafu unaweza kupita kwa kasi kuliko inavyotarajiwa. Ukiiba hatua hapo, ramani itakuwa nzuri na jibu litakuwa la uongo.

Malawi inajua gharama ya uongo huo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2022 uliua zaidi ya watu 1,700. Nchi za ukanda wetu zinapopokeana wakimbizi, kumbukumbu za kila kisima kinachochimbwa zinapaswa kuandikwa, kutunzwa na kutolewa kwa wataalamu wa pande zote. Darcy alipima kwanza, akahitimisha baadaye. Mama anayesubiri zamu yake pampuni Dzaleka anastahili uangalifu uleule.