James Hogg, mwanasheria aliyepambana na nauli za reli

Katika miaka ya 1880, mwenye mbao mashariki mwa Texas, Marekani, aliweza kutozwa nauli kubwa kwa mzigo wa kwenda mji wa jirani kuliko mzigo wa kwenda mbali nje ya jimbo. Kampuni za reli zilikuwa na chama chao cha kupanga bei kwa pamoja. Mfanyabiashara mdogo alilipa, au alibaki na mbao zake.

James Stephen Hogg, mzaliwa wa karibu na Rusk mwaka 1851, alikuwa yatima tangu akiwa na miaka 12. Alifanya kazi ya uchapaji, akaendesha magazeti madogo, akawa wakili mwaka 1875. Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa jimbo na kushindwa. Mwaka 1886 wananchi walimchagua kuwa Mwanasheria Mkuu wa Texas, maana huko cheo hicho hupigiwa kura.

Alizifukuza kampuni za bima zisizoaminika, akakivunja kile chama cha reli, na mwaka 1889 akasaidia kuandika sheria dhidi ya makampuni yanayokula njama ya bei.

Kesi moja aliyoitetea na kushindwa ndiyo inayowagusa zaidi wanaovusha bidhaa. Texas iliwatoza kodi ya leseni mawakala wanaotembea na sampuli wakichukua oda. Mmoja wao, aliyeuza mihuri ya mpira kwa niaba ya kiwanda cha New Orleans, alikamatwa Houston kwa kutoilipa. Mwaka 1888 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumtoza kodi hiyo anayeuza bidhaa za jimbo jingine, hata kama wenyeji nao wanatozwa. Hogg, mtetezi wa wafanyabiashara wadogo, siku hiyo alikuwa upande wa mtoza kodi.

Kuvunja chama hakukutosha kushusha nauli. Ilihitajika tume yenye mamlaka ya kuzipanga, na katiba ya jimbo ilibidi irekebishwe kwanza. Kwa hiyo mwaka 1890 Hogg aligombea ugavana, na marekebisho hayo yakapigiwa kura wakati huohuo. Yote mawili yalipita. John Reagan aliacha useneta Washington kwenda kuongoza Tume ya Reli iliyoanza 1891.

Mwaka 1892 wenye reli walimuunga mkono George Clark, wakili wao, ambaye naye aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu. Hogg alishinda tena. Reli zikakimbilia mahakama ya shirikisho na kusimamisha nauli mpya. Mwaka 1894 Mahakama Kuu ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kuwa na tume hiyo, ingawa nauli zenyewe zilizolalamikiwa zilizuiwa.

Haki aliyoipigania haikumfikia kila abiria. Mwaka huohuo wa 1891 ilipitishwa sheria ya kuwatenga weusi katika mabehewa ya treni, sheria aliyoiunga mkono. Hata hivyo, mwaka 1893 alilaani hadharani mauaji ya mtu mweusi aliyechomwa na umati mjini Paris, Texas.

Aliondoka madarakani 1895, akarudi kwenye uwakili, na kufariki Houston tarehe 3 Machi 1906. Hakutaka kaburi la mawe. Aliomba upandwe mpekani kichwani na mjozi miguuni, na kokwa zake wagawiwe watu wa Texas wakapande.