William Booth na Sikukuu Iliyomshinda Kula

Ndugu wakimbizi wenzangu, pamoja nanyi mnaotuhudumia, wengi wetu tunalijua Jeshi la Wokovu kwa sare zake na tarumbeta zake. Habari za mwanzilishi wake, hasa Krismasi moja iliyomharibikia, hazisimuliwi mara nyingi, nami nimeona zinafaa kuwekwa katika toleo hili la kumbukumbu.

William Booth alizaliwa Nottingham, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1829. Baba yake alifilisika, na mtoto alipofika miaka 13 akapelekwa kujifunza kazi katika duka la kuweka vitu rehani. Mwaka uleule wa 1842 baba akafariki. Dukani humo kijana alishinda akiwatazama maskini wakileta nguo zao ili wapate pesa ya mkate. Aliyewahi kuuza blanketi la msaada apate chumvi na sabuni hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1855 alimwoa Catherine Mumford, na mwaka 1865 wakaanza kuhubiri mashariki mwa London, mahali penye walevi na watu wasio na kazi. Kundi lao ndilo lililopewa jina la Jeshi la Wokovu mwaka 1878.

Krismasi ninayoitaja ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1860. Inasimuliwa kwamba Booth alihubiri asubuhi mtaa wa Whitechapel, kisha akarudi nyumbani ambako mke na watoto walikuwa wakimngoja kwa shangwe. Akajaribu kucheza na watoto, akashindwa. Macho yake yalikuwa bado yako kule mitaani, kwa watu ambao sikukuu yao ilikuwa pombe na njaa. Akasema hatasherehekea tena Krismasi ya namna ile. Mwaka uliofuata waligawa vyakula vya sikukuu, na vingi vilipikwa katika jiko la nyumba yao wenyewe.

Nakiri kwamba habari hii inanichoma. Krismasi yangu ya kwanza hapa kambini nilikuwa nimekwisha kupata hema, na mke wangu alikuwa amepika wali. Waliofika usiku uliotangulia walikuwa wamekaa chini ya mti, watoto wengine hawana hata shati. Niliwaona. Nikateremsha mlango wa hema, nikala.

Turudi kwa Booth. Mwishoni mwa mwaka 1887 alivuka daraja la London usiku, akaona wanaume wamelala nje katika baridi. Alimwamuru mwanawe Bramwell afanye jambo, na mwaka 1888 wakafungua mahali pa chakula na malazi huko Limehouse, karibu na bandari. Katika nyumba za namna hiyo peni 4 zilimpatia mtu chakula cha jioni, mahali pa kulala na chakula cha asubuhi. Asiye na pesa alitafutiwa kazi ya kufanya. Wako waliomlaumu kwa kuwatoza maskini. Mimi naona alijua mtu anayepokea tu kila siku hujisikiaje.

Mwaka 1890 Stanley, yuleyule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alitoa kitabu kuhusu Afrika ya giza na misitu ya Kongo. Mwaka huohuo Booth akatoa chake kuhusu Uingereza ya giza, akiwaonyesha wenzake kwamba giza lilikuwa mlangoni pao. Aliandika kwamba hata farasi wa London akianguka barabarani huinuliwa, tena ana zizi, chakula na kazi. Catherine alikufa kwa saratani mwezi Oktoba mwaka ule.

Mwaka 1891 kapteni mmoja wa Jeshi hilo huko San Francisco, Joseph McFee, alitaka kuwalisha maskini 1,000 siku ya Krismasi. Akatundika chungu kwenye kivuko, wapita njia watie sarafu.

Booth hakuwa mtu mwepisi. Aliwaongoza watu kwa amri, na baadhi ya watoto wake walijitenga naye. Alikufa tarehe 20 Agosti 1912, akiwa kipofu.

Orodha ya watakaowapikia wageni wapya tarehe 25 Desemba iko kwa viongozi wa bloku. Mimi nimejiandikisha upande wa kuni. Upande wa nguo bado hauna jina.