Labarraque, mutu wa mayi ya Javel

Chupa ya Javel tunaijua wote huku Kirungu. Antoine Labarraque, ni wachache wanaomujua.

Alizaliwa mwaka 1777 ku Oloron, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa askari, kiisha akawa mutengenezaji wa dawa ku Paris. Javel yenyewe hakuibuni: ilitoka kwa Berthollet, ya kung’arisha nguo. Yeye aliipatia kazi ingine. Wafanyakazi waliosafisha matumbo ya nyama waliteseka na uvundo; dawa yake ikaumaliza. Kwetu sisi, kazi hiyo inapita ile ya mwaka 1824, walipomuita juu ya maiti ya mfalme Louis XVIII iliyonuka sana. Mwaka 1832 kipindupindu kikaingia Paris, dawa ikamwagwa ku vyoo na ku mitaro.

Alikufa mwaka 1850. Virusi hakuvijua, wakati ule wengi walidhani ugonjwa unatoka ku harufu. Lakini Javel inaviua, ku meza na ku mukono wa mulango, kama mama ameosha kwanza na sabuni, maana uchafu unakula nguvu yake. Aichanganye na mayi baridi, hapana ya moto, na aiache dakika 10 mbele ya kupanguza.