Forssmann: Daktari aliyeupenya moyo wake mwenyewe

WAGONJWA wengi wa vali za moyo hawajawahi kulisikia jina la Werner Forssmann, ilhali kipimo kilichowafunza madaktari kukadiria hatima yao kilitokana na ujasiri wa Mjerumani huyo.

Forssmann alizaliwa jijini Berlin mnamo Agosti 29, 1904. Mwaka wa 1929, akiwa daktari chipukizi katika mji mdogo wa Eberswalde, alishikilia kwamba mpira mwembamba ungeweza kupitishwa katika mshipa wa mkono hadi moyoni bila ya kumdhuru mtu. Mkuu wake alimkataza, naye akakaidi. Alijichanja mkono, akausukuma mpira huo sentimita 65, kisha akateremka ngazi hadi chumba cha eksirei. Picha ilithibitisha kuwa ncha yake imefika katika chumba cha juu cha kulia cha moyo.

Badala ya pongezi, alivuna kejeli. Alipoteza kazi katika hospitali ya Charité, na hatimaye akageukia maradhi ya njia ya mkojo. Maisha yake yana doa pia: mnamo 1932 alijiunga na chama cha Nazi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi.

Huku nyuma, André Cournand na Dickinson Richards wa New York waliiboresha mbinu yake wakapima shinikizo la damu ndani ya moyo. Vali ya kushoto iitwayo mitrali inaposinyaa, aghalabu kutokana na homa ya baridi yabisi inayofuatia maambukizi ya koo, damu husongamana mapafuni na mzigo huuangukia upande wa kulia wa moyo. Upande huo ukilemewa, miguu huvimba, ini hufura, na hatari ya kifo huongezeka, hata kwa anayefanyiwa upasuaji.

Watatu hao walituzwa Nobel ya Tiba mnamo 1956. Forssmann aliaga dunia Juni 1, 1979.

Siku hizi mawimbi ya sauti huonyesha mengi bila ya kumchanja mgonjwa, lakini mpira wa Forssmann haujastaafu. Hapa Afrika Mashariki, ambako homa hiyo ingali inaharibu vali za vijana, daktari anayechelewa kuuchunguza upande wa kulia huenda akamtibu mgonjwa wakati umekwisha kupita.